Polisi Akikupiga, Kwa Nini Kesi Yako Iende kwa Wanajeshi?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliotolewa kwenye nyumba zenu kwa sababu ya migodi na sasa mnasoma haya kwenye simu ya mtoto, kuna neno moja linazunguka Kolwezi na limenichosha. Linasemwa sokoni, linasemwa juu ya pikipiki, hata nje ya kanisa linasemwa: "Avoka wa haki za binadamu ni mtu wa kutafuta dola." Polisi amempiga mchimbaji, avoka ameandika barua, basi watu wanasema: ona huyu, amepata mradi. Nyumba zimebomolewa, avoka amekuja na kalamu, watu wanauliza: wazungu wanamlipa ngapi? Yule aliyeshika fimbo hakuna anayemuuliza kitu. Yule aliyemtuma, hata jina lake halitajwi.

Na wazee wetu wanaongeza lingine: "Achana na ile mambo, ile ni leta. Nani anaweza kushinda leta?"

Leo nataka kujibu maneno haya mawili kwa pamoja. Nitayajibu kwa kufuata njia ya kazi ya mawakili wa Katanga hii yetu, kwa sababu ukiifuata miaka ishirini iliyopita utaona wazi kwamba tatizo si avoka. Tatizo ni mlango tunaolazimishwa kupita tukitaka kumshitaki mtu mwenye uniformu.

Chukueni mtu kama Maître Hubert Tshiswaka wa Lubumbashi. Wengi wenu mmesikia sauti yake redioni. Huyu ni avoka ambaye angeweza kukaa na kesi za viwanja na za wafanyabiashara, akajenga nyumba, akanyamaza. Aliongoza shirika la ACIDH, Action contre l'impunité pour les droits humains, na baadaye IRDH, Institut de recherche en droits humains. Mwaka 2006, mwaka wa uchaguzi mkubwa, ACIDH ilitoa tangazo kuomba watu wa Katanga wasiwape kura wanasiasa waliohusika na uvunjaji wa haki za watu. Tangazo tu, ndugu zangu. Karatasi. Baada ya hapo akatishiwa kuuawa. Sasa ninyi mnaosema dola, niambieni: ni dola ngapi zinatosha ili mtu aanze kulala nje ya nyumba yake kwa kuogopa mlango kugongwa usiku?

Kesi iliyowafundisha mawakili wa rika hilo kazi yao ni kesi ya Kilwa. Vijana wa leo hawaijui, basi niiseme.

Kilwa iko pembeni ya ziwa Moero, karibu na Zambia. Mwezi wa kumi mwaka 2004 kikundi kidogo cha waasi wenye silaha chache kiliingia pale. Siku iliyofuata jeshi likafika kuurudisha mji. Waasi hawakupigana sana, wengi walikimbia. Lakini raia walikufa. Wachunguzi wa MONUC walihesabu watu wasiopungua 70, na kati yao wako waliokamatwa kwanza kisha wakauawa. Nyumba ziliibwa vitu, wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na feza kule Dikulushi, yalibeba wanajeshi. Kampuni ilijitetea kwamba serikali iliyachukua magari yale kwa nguvu na yenyewe haikuwa na la kufanya. Ndiyo neno lao, nimelisema.

Mawakili na mashirika, ACIDH pamoja na ASADHO ya Katanga, na RAID ya Uingereza, walikaa na familia, wakaandika majina, wakapeleka mambo mbele. Na kitu cha ajabu kikatokea: mwendesha mashtaka wa kijeshi akakubali. Mwezi wa kumi mwaka 2006 wanajeshi 9 na wafanyakazi 3 wa kampuni wakashitakiwa. Korti ya kijeshi ikakaa Lubumbashi. Watu wa Kilwa wakasema: sasa leta inajihukumu yenyewe.

Kesi ikiwa katikati, mwendesha mashtaka yule akahamishwa. Na tarehe 28 mwezi wa sita mwaka 2007 korti ikasema: kuhusu Kilwa, hakuna mwenye kosa. Kanali na wenzake wachache walipata adhabu kwa uuaji mwingine, lakini kwa Kilwa, hakuna. Kama watu wale wote walikufa kwa kuugua tumbo, korti haikusema. Louise Arbour, aliyekuwa mkuu wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, alieleza wasiwasi wake hadharani. Haikubadilisha kitu.

Mawakili hawakwenda kulala. Walijaribu Canada, ambako kampuni ilikuwa na ofisi, na mwaka 2012 majaji wa kule wakasema kesi hiyo si ya kwao. Kabla ya hapo, mwaka 2010, malalamiko yalikwisha kupelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Tume ikaamua, na uamuzi ukatangazwa mwaka 2017: Serikali ya Kongo ina makosa, iwalipe watu 8 waliolalamika dola milioni 2 na nusu, iombe msamaha hadharani, na waliohusika washitakiwe. Hesabuni wenyewe. Kutoka 2004 mpaka 2017 ni miaka 13. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya mauaji alikuwa tayari anakaribia kuingia secondaire. Na uamuzi kwenye karatasi si pesa mkononi mwa mjane.

Mtaniambia: Kilwa ilikuwa jeshi, wewe unazungumzia polisi. Hapo hasa ndipo nilikuwa nawapeleka. Korti ni ileile.

Wengi hawajui jambo hili, na polisi wabaya wanafurahi kwamba hatujui. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 156, inasema korti za kijeshi ndizo zinazohukumu makosa ya wanajeshi na ya Police nationale. Kwa hiyo askari wa komisaria akikuvunja mkono pale Dilala au Manika, huendi mbele ya jaji anayehukumu wezi wa simu na watu wanaogombania parcelle. Unakwenda auditorat militaire, kwa mwendesha mashtaka mwenye uniformu. Yeye ndiye anaamua kama kesi itaanza. Ikianza, wanaokaa kuhukumu ni magistrati wa kijeshi pamoja na maofisa waliochaguliwa kukaa kwa muda. Na kuna sheria ya cheo: hakuna anayehukumiwa na mtu wa cheo cha chini kuliko chake. Kapteni hawezi kumhukumu kanali. Kanali hawezi kumhukumu jenerali.

Mimi si juriste, nimesoma secondaire na mafunzo ya uandishi wa habari, lakini hata mtu asiyesoma anaona. Kadiri aliyekutendea ubaya anavyokuwa mkubwa, ndivyo watu wa kumhukumu wanavyopungua. Wazee wa Kiswahili walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Sisi tumeiandika katika Katiba.

Kama mnadhani nazidisha, angalieni kesi ya Floribert Chebeya, mkubwa wa La Voix des Sans-Voix. Hakuna kesi ya polisi inayojulikana zaidi katika nchi hii. Aliitwa kwenye ofisi kuu ya polisi Kinshasa tarehe 1 mwezi wa sita mwaka 2010, kwenda kumwona mkubwa wa polisi, jenerali John Numbi, mtu wa Katanga hapa hapa. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi nyumbani tena, na familia yake haikupata mwili wa kuzika.

Mwaka 2011 korti ya kijeshi ilitoa hukumu kwa polisi kadhaa, wanne kati yao hukumu ya kifo, lakini watatu kati ya hao hawakuwa mbele ya korti, walikuwa wamekwisha kutoroka. Kanali Daniel Mukalay alikuwa kati ya waliokuwepo. Mwaka 2015 hukumu yake ikateremshwa kuwa miaka 15. Na jenerali? Alikuja kama shahidi. Alisema, akaenda zake. Mawakili wa wajane walimwomba akae kwenye kiti cha washitakiwa, wakaomba tena na tena. Haikuwa.

Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2020 ndipo mmoja wa waliotoroka, Christian Ngoy Kenga Kenga, akakamatwa, na kumbuka alikamatwa wapi: Lubumbashi, mji ambao kila mtu anamjua kila mtu. Mwaka 2021 polisi wengine wawili walieleza kwa RFI namna kazi ilivyofanyika usiku ule. Kesi ikafunguliwa upya, na mwezi wa tano mwaka 2022 Kenga Kenga akahukumiwa kifo na mwenzake Jacques Mugabo miaka 12. Numbi alikuwa tayari amekwisha kuondoka nchini. Mawakili wa familia walikaa na faili lile miaka 12. Wako waliolianza na nywele nyeusi.

Mimi sifurahii hukumu ya kifo kwa mtu yeyote, niliseme hilo pembeni. Lakini angalieni mpangilio: wadogo walihukumiwa, mkubwa hakuulizwa kitu. Ndivyo korti yenye ngazi za vyeo inavyofanya kazi yake, hata majaji wake wakiwa watu wazuri. Na kweli, wako wazuri.

Turudi kwetu, kwa shaba na kobalti, kwa sababu najua jamaa waliofukuzwa wananisoma na wanasema: huyu anazungumzia Kinshasa, sisi je?

Mliopita barabara ya Lubumbashi kuelekea Likasi mnapajua Kawama, kijiji kando ya mgodi wa Luiswishi. Tarehe 24 na 25 mwezi wa kumi na moja mwaka 2009 polisi walifika pale na matingatinga. Serikali ilisema inawafukuza watu wanaoiba mawe ya mgodi na wale wanaonunua mawe hayo. Matingatinga yalikuwa ya kampuni ya kundi la Forrest, na mgodi ulikuwa wa kampuni ya kundi lilelile, CMSK. Kampuni ilisema kilichobomolewa ni vibanda vya muda vya wafanyabiashara wasio na haki ya kuwa pale. Familia zilisema nyumba zetu zimekwenda, na nani anasikia familia? Ilibidi mpaka picha za satelaiti zichukuliwe. Amnesty International ilizitangaza mwaka 2014: majengo 387 yalikuwa yamebomolewa. Yaani jicho lililo juu ya mawingu lilihitajika ili mama wa Kawama aaminiwe kwamba alikuwa na nyumba.

Na mwendesha mashtaka wa raia, safari hii, alijaribu. Alitaka kushitaki. Watu wa siasa wakamzuia. ACIDH na RAID wakapeleka malalamiko mpaka Ubelgiji. Ndiyo ile kazi mnayoita ya kutafuta dola: kuandika nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, nani alikuwa na bati ngapi, nani alikuwa na mbuzi, halafu kwenda kukaa mbele ya watu wa Bruxelles na kusema: watu hawa wapo.

Hapa Kolwezi penyewe, mwaka 2016 Mukumbi ilichomwa moto, karibu na mgodi wa Chemaf pale Mutoshi. Walioshuka pale walikuwa wanajeshi, na kampuni ilikana kuhusika. Watu waliandamana, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 1 na nusu kupitia wakubwa wa serikali. Wako waliopata dola 300 tu. Katika cité Gécamines, tunajua wote alama nyekundu zilizochorwa ukutani mwa nyumba wakati COMMUS ilipokuwa ikipanua mgodi wake katikati ya mji. Yote haya yameandikwa mwaka 2023 katika ripoti ya Amnesty pamoja na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi linaloongozwa na Donat Kambola. Halikuandikwa na mtu wa mbali aliyekuja siku tatu akalala hoteli. Ni watu wa hapa walioongoza njia mtaa kwa mtaa.

Na sasa swali langu kwa wale wanaowacheka mawakili: kati ya waliobomoa, waliochoma na waliopiga, ni nani mnayemjua kwa jina kwamba alifungwa? Fikirini kwanza. Mimi nimefikiria.

Najua kuna watakaonijibu kwamba polisi nao wanateseka. Ni kweli, na sitaki mtu aseme sikulisema. Askari wa police des mines anasimama juani kutwa nzima, mshahara ni mdogo na unachelewa, familia imejazana kwenye chumba kimoja cha kambi. Nani asiyejua? Lakini ndugu yangu polisi, aliyekula mshahara wako si mchimbaji mwenye kiroba cha mawe, na si mama wa mandazi. Na siku utakaposimamishwa mbele ya korti ile ya vyeo, mkubwa wako atasema hakukutuma. Kifungu cha 28 cha Katiba kinakuruhusu kukataa amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Siku ile utatafuta avoka. Atakuwa yuleyule uliyemfukuza kwenye mlango wa komisaria.

Maana hilo nalo linaendelea. Maître anafika kuona mtu wake kwenye kasho, anaambiwa: uchunguzi unaendelea, avoka atakuja parquet. Si kweli! Kifungu cha 19 kinasema mtu ana haki ya mtetezi katika kila hatua, pamoja na uchunguzi wa polisi. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoisikia, aruhusiwe kuita jamaa wake au avoka, na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Saa 48, si kutoka Ijumaa mpaka jamaa wapate falanga. Na kuna sheria ya mwezi wa saba mwaka 2011 inayofanya utesaji kuwa kosa la jinai. Polisi anayekupiga ili ukubali kuandikwa kwenye proseverbali hafanyi "kazi ngumu", anafanya kosa ambalo lina kifungo.

Wengine, waliosoma zaidi yangu, wanasema: polisi anabeba silaha, kwa hiyo ahukumiwe kijeshi, huko ndiko nidhamu iko. Nidhamu ya nani? Akichelewa kazini, akilala kwenye zamu, akiuza risasi, hayo ni mambo ya nyumba yao, wahukumiane. Lakini akinipiga mimi, kosa halikuwa juu ya jeshi. Lilikuwa juu ya mgongo wangu. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 182 na kinachofuata, inaeleza kazi ya polisi kuwa ni usalama wa watu na mali zao, na kwamba polisi ni wa taifa lote, hakuna anayeruhusiwa kumgeuza wa kwake. Mtu anayefanya kazi kati ya raia, kwa ajili ya raia, ahukumiwe na jaji wa raia. Mimi sioni ugumu wake.

Kwa hiyo nasema kwa wadeputé wetu wa Lualaba, wale wa Kinshasa hasa, ambao siku za uchaguzi hawakosi namba yangu ya simu: pelekeni hoja kwamba makosa ya polisi dhidi ya raia yatoke kwenye korti za kijeshi. Najua kubadilisha Katiba si kazi ya mchana mmoja. Lakini sheria ya vyeo haikuandikwa katika Katiba, iko katika sheria ya mwaka 2002, na sheria ya bunge inabadilishwa na bunge. Anzeni na hiyo. Na kabla ya hiyo, kuna jambo lisilohitaji kura hata moja: korti ya kijeshi iende kukaa mitaani, kwenye audience foraine, pale kosa lilipotendeka, watu waone uso wa aliyefanya na wasikie hukumu kwa masikio yao. Inafanyika kwa kesi nyingine. Haijakatazwa kwa kesi za polisi.

Sisi wa redio nasi tusijiweke pembeni. Mara ngapi tumesoma hewani tangazo la polisi, "majambazi watatu wamekamatwa", bila kuuliza kama wamefika mbele ya jaji? Mtu akionyeshwa mbele ya kamera na uso umevimba, swali la kwanza lingekuwa: nani alimvimbisha?

Kwa yule ambaye jambo hili limemfika wiki hii, na najua wapo: nenda kwanza hospitali au centre de santé, uombe cheti chenye tarehe kinachoeleza kidonda kilivyo, usingoje kipone. Andika saa, mahali, namba ya gari, na jina lililoshonwa kwenye uniformu kama uliliona. Andika majina ya walioona, lakini waulize kwanza kama wanakubali. Kama huna pesa ya avoka, barreau ina ofisi ya ushauri wa bure; uliza pale, usiulize watu wanaosimama nje ya parquet wakijiita mawakili. Barua ya malalamiko ipelekwe auditorat militaire, maana kwa sasa mlango ni huo, na kila unapoacha karatasi yoyote, hakikisha kopi inayobaki mkononi mwako imepigwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe inasomeka.